Namna ya Kuandika Filamu ya Kuchekesha ya Mhalifu Anayependana na Askari

Anayetaka kuandika filamu ya namna hii aanze na kosa, mapenzi yatafuata. Mtazamaji yuko tayari kumsamehe mvusha magendo wa vitenge, lakini hatamsamehe aliyeua au aliyempora mama lishe, hata awe mcheshi kiasi gani. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kosa la kusameheka haliko mbali, kwa kuwa Tunduma yetu na Nakonde ya Zambia ni miji iliyoshikana mpakani na njia za panya hazikosekani.

Tuseme mhalifu ni kijana wa Tunduma, na askari ni sajenti wa upelelezi, mwanamke aliyehamishiwa huko kutoka Iringa. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba mapenzi yao yasogee kwa hatua za kesi tu. Wasikutanishwe kwa bahati hotelini, jambo ambalo filamu zetu zimelichosha. Wakutane kwa sababu sajenti anachukua maelezo, kisha kwa sababu kijana anaripoti kituoni kwa masharti ya dhamana, kisha kwa sababu shahidi ametoweka na kijana ndiye pekee anayejua alikojificha. Kadiri wanavyozoeana ndivyo jalada linavyonenepa, na kicheko kinatoka hapo.

Chukua tukio la mahojiano. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja, na wakazi wa mpakani huishi na saa hizo mbili kila siku. Mzigo umevuka saa nne asubuhi, na kijana anaulizwa alikuwa wapi.

"Saa nne nilikuwa Nakonde nanyolewa, afande. Muulize kinyozi."

Kinyozi anaulizwa, anaapa, na anasema kweli, kwani saa nne ya Nakonde ni saa tano ya Tunduma. Sajenti anaendelea kuandika bila kuinua kichwa.

"Saa nne ya upande gani, mtuhumiwa?"

Kijana anakohoa, anatazama dari, kisha anauliza kwa unyenyekevu kama afande naye hunywa chai saa nne, na ni ya upande gani. Usiongeze muziki wala mtu wa kuteleza na kuanguka. Adabu ya kituoni inatosha: sajenti amwite kijana "mtuhumiwa" karibu filamu nzima, ili siku atakapoteleza na kumwita kwa jina, ukumbi mzima usikie.

Sheria nayo ikusaidie kuharakisha mambo. Kwa kawaida mtuhumiwa wa kosa lisilo zito hufikishwa mahakamani au hupewa dhamana ndani ya saa 24, kwa hiyo sajenti hana usiku mwingi wa kuhoji. Ukihitaji mbio za magari, zipeleke mlima Kitonga, ambako malori yaliyosheheni hupanda kwa mwendo wa konokono na askari wa miguu anaweza kumfikia dereva akiwa bado anamsihi asimame.

Mwisho ndipo waandishi wengi wanapoharibu. Sajenti akiiba jalada ili kumwokoa mpenzi wake, umeandika filamu ya rushwa na heshima yake imekwisha. Ni afadhali aombe kuondolewa kwenye kesi, kijana akiri, alipe faini, na mzigo utaifishwe, huku mama wa kijana akilia zaidi kwa ajili ya vitenge kuliko kwa ajili ya mwanawe.

Kabla ya kukodi kamera, kumbuka kwamba tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 filamu haitengenezwi bila kibali. Leo anayeshughulika na jambo hilo ni Bodi ya Filamu Tanzania. Sare za polisi na kituo halisi huhitaji ridhaa ya Jeshi la Polisi lenyewe, na barua hizo zitangulie mapema. Hiyo ni sababu nyingine ya kumfanya sajenti awe mpelelezi: anafanya kazi kwa nguo za kiraia, na sare zitahitajika kwa askari wawili wa kaunta tu.