Chai ya rangi isiyo na ukakasi: ninavyoipika hapa Feri, Mtwara

Wateja wangu wa alfajiri ni wavuvi na watu wanaosubiri kivuko cha kwenda Msangamkuu. Wanataka kikombe cha moto na vitumbua viwili, basi. Kwa miaka mingi niliwapikia kama nilivyoona kwa bibi yangu Mikindani: maji, majani, sukari na tangawizi vyote sufuriani kwa pamoja, vinatokota hadi chai inakuwa nyeusi tii. Ukiinywa, ulimi unakauka kama umetafuna embe bichi. Ule ndio ukakasi, na sukari haiuondoi hata ukiongeza vijiko vingapi.

Nilibadilika baada ya kwenda kumtembelea shemeji yangu, kibarua wa kiwanda cha chai kule Mufindi. Ni mbali: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mpaka kwenye baridi ya kuvaa masweta mawili. Siku zote nilidhani chai ya kijani inayouzwa madukani inatokana na mti mwingine. Kumbe mmea ni uleule mmoja. Wanachuma majani mawili machanga na chipukizi lake, wanayatandaza yanyauke usiku kucha mpaka yalegee, kisha mashine inayaponda na kuyakatakata. Baada ya hapo yanaachwa yapate hewa kama saa moja au zaidi. Nilisimama nikaangalia: yaliingia ya kijani yananuka nyasi mbichi, yakageuka rangi ya shaba, na harufu ikawa tamu. Wenyewe wanaita kuchachusha, ingawa hamna hamira wala chachu yoyote, ni hewa tu. Kata biringanya uliache kwenye sinia, utaona linavyogeuka kahawia. Ni jambo lilelile. Mwisho yanapitishwa kwenye joto kali, yanakauka na kugeuka meusi.

Tofauti ya chai hizi iko hapo. Ya kijani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema, hewa isipate nafasi ya kuibadilisha. Ile ya Wachina iitwayo oolong huachwa igeuke nusu tu. Yetu hugeuka kabisa, ndiyo maana inatoa rangi haraka na inastahimili maziwa. Waingereza wameiita nyeusi kwa kutazama jani, Wachina wanaiita nyekundu kwa kutazama kikombe, nasi tukasema ya rangi. Mchaichai na choya ni vinywaji vizuri, navipenda, lakini havitokani na mmea huo na havina kafeini.

Sasa tuje jikoni. Kwa lita moja ya maji natumia vijiko vidogo vitatu vya majani, vya kufuta juu, si vya mlima. Kama unapenda tangawizi, iponde, uitie kwenye maji pamoja na punje chache za iliki, uchemshe dakika kumi. Viungo ndivyo vinavyohitaji moto wa muda mrefu. Jani halihitaji. Maji yakitokota kwa nguvu, ipua sufuria, tia majani, koroga mara moja, funika. Hesabu dakika nne. Chuja yote kwenye chupa, usibakize majani ndani, maana yanaendelea kutoa ukali hata ukiwa umelala.

Usitumie maji ya uvuguvugu. Hapa pwani maji huchemkia nyuzi 100, wakati kule milimani Mufindi huchemka kabla ya kufika 95, kwa hiyo sisi tuna bahati: jani jeusi hutoa ladha vizuri kwenye maji makali. Ya kijani ndiyo inayoungua; iache maji yapoe hadi kama nyuzi 80 kwanza, na dakika mbili zinatosha.

Maji yenyewe nayo yana neno. Nikitumia ya kisima, yaliyo mazito, chai inafifia rangi na juu inatanda utando kama mafuta. Ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Msimu wa masika nakinga mapipa mawili kwa ajili ya chai tu.

Anayetaka ya maziwa namwongezea kijiko kimoja cha majani, kwa sababu maziwa hushika ule ukakasi na kuulainisha, chai ikaonekana nyepesi. Anayetaka limau, namkamulia kwenye kikombe chake, kamwe si kwenye chupa. Rangi itapauka palepale, usidhani imeharibika.

Majani yahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Unyevu wetu wa bahari huyalaza, na tena hunyonya harufu haraka sana. Niliwahi kuweka pakiti kabati moja na ng'onda, nikaimwaga yote.

Na kwa wajawazito nawaomba jambo moja, kwa mapenzi kabisa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye kisamvu na kunde, na vilevile kwenye vidonge vya kliniki. Mjamzito akija kwangu saa nne kula wali na kunde, namwambia, "Mwanangu, kula kwanza, chai yako nakuwekea." Akirudi baada ya saa moja anaikuta chupani, bado ya moto.