Kuwa tayari kila siku: sala, Neno na fungu la jirani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa jioni kadhaa na wanandoa vijana wa jumuiya yetu ndogondogo. Walikuwa wameisikia Injili ya wanawali kumi waliomngoja bwana arusi na taa zao, watano wakiwa na mafuta ya akiba na watano hawana, wakaja kuniuliza mkulima wa korosho mwenye watoto na madeni afanye nini hasa, kuanzia asubuhi hadi usiku, ili taa yake isizimike. Mimi ni katekista, yaani mwalimu wa dini, katika kigango kimoja (kanisa dogo la parokia) wilayani Masasi, mkoani Mtwara, na ninayoyaeleza ni yale tunayoyaishi huku. Msomaji wa mahali pengine atabadilisha mazao na miezi kulingana na mazingira yake.

Hatua ya kwanza: sala kabla ya simu

Ukiamka, fanya ishara ya msalaba, sali Baba Yetu, kisha umtolee Mungu kazi za siku hiyo kwa kuzitaja moja moja: palizi, safari ya ghalani, mgonjwa unayekwenda kumjulia hali. Simu isiguswe mpaka sala iishe.

Hatua ya pili: soma sura nzima

Anza na Mathayo 25, na uisome yote. Katika Mwaka A, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, sura hii husomwa kwa Dominika (Jumapili) tatu mfululizo mwishoni mwa mwaka wa Kanisa: wanawali kumi katika Dominika ya 32, talanta katika Dominika ya 33, na hukumu ya mwisho katika Sherehe ya Kristo Mfalme. Kwetu Dominika hizo za Novemba huangukia wakati minada ya korosho imepamba moto, na waumini wengi huhudhuria moja wakakosa nyingine. Anayeishia kwenye wanawali huweza kudhani kwamba wale watano wenye busara walisifiwa kwa kuwanyima wenzao mafuta, na nimewahi kusikia mfano huo ukitumiwa kuhalalisha uchoyo. Asome mpaka mwisho, atakutana na Mfalme anayewauliza watu habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Mafuta yale hayakopeki saa ya mwisho kwa sababu ni maisha ambayo mtu ameyaishi mwenyewe, na sura hiyo hiyo inaeleza maisha hayo ni yapi.

Tumia Biblia ya karatasi na kalamu. Ya kwenye simu inafaa safarini, lakini nyumbani ujumbe mmoja ukiingia, Neno limekwisha.

Hatua ya tatu: tenga fungu la jirani kabla bei haijatangazwa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi na wale vijana. Huku Kusini pesa huja kwa mkupuo, minada inapofanyika na vyama vya msingi vya ushirika vinapowalipa wakulima, ilhali njaa huja baadaye, Januari mpaka Machi, mvua ikinyesha na mahindi mapya yakiwa bado shambani. Miezi hiyo ndiyo biashara ya kangomba hustawi: mwenye njaa hupewa unga au fedha kidogo, naye huahidi korosho za msimu ujao kwa bei ya kutupa, hivyo anaanza mwaka akiwa amekwisha kuuza jasho lake. Sadaka ya Novemba, kila mtu akiwa na chochote mfukoni, ni njema. Lakini inayomwokoa jirani na kangomba ni ile iliyotunzwa mpaka Februari. Kwa sababu hiyo nasisitiza kutenga mapema.

Kaeni mume na mke kabla ya mnada wa kwanza, mkubaliane kiasi, mkiandike kwenye daftari. Mkisubiri bei, moyo utaanza kupiga hesabu za bati, pikipiki na sare za shule, na fungu la jirani litapungua kila mnapolitazama. Msikubaliane kwa asilimia. Kubalianeni kwa magunia au madebe, kwa kuwa gunia linaonekana na halibadiliki bei ikishuka. Zaka ya parokia ihesabiwe kando, wala fungu hili lisichukue nafasi yake. Pesa ya salfa ya kupulizia mikorosho na deni mnalodaiwa viwekwe kando pia, kwani hakuna haki ya kumpa mmoja mali ya mwingine.

Tunzeni fungu hilo kama chakula, wala si kama fedha, kwa sababu fedha iliyomo ndani ya nyumba huazimwa. Ila chakula kina adui yake. Dumuzi hushambulia mahindi na hata makopa ya muhogo, na anaweza kuacha unga mtupu ndani ya gunia. Kabla ya kuhifadhi mahindi, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje kiasi pamoja na chumvi kavu, funika, utikise vizuri, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanike tena. Yakikauka, yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kamua hewa yote, funga kila mfuko peke yake kwa kamba, uuweke juu ya mbao mbali na ukuta. Usiufungue kila wiki kwa kuchungulia, kwa maana ukosefu wa hewa ndio unaowaua wadudu. Andika juu yake kwamba ni mali ya jirani, ili hata watoto wajue.

Asiye na mikorosho asijione ametengwa. Kila jioni kabla ya kusonga ugali, atoe konzi moja ya unga aliokwisha kupima, aitie kwenye chombo cha pembeni.

Hatua ya nne: peleka

Pelekeni jioni, bila picha na bila hotuba, na msiulize kwanza mtu anasali wapi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima yetu, ni tarehe 18 Februari, karibu siku ile ile unapoanza mfungo wa Ramadhani. Debe la mahindi linaloingia nyumba ya jirani wakati huo linasaidia futari na daku. Msiwape kwa mkopo, wala msikubali ahadi ya korosho hata mpokeaji akisisitiza. Akitaka kulipa, mwambieni naye atenge msimu ujao kwa ajili ya mwingine.

Hatua ya tano: daftari la usiku

Kabla ya kulala jiulize maswali mawili: leo nimesali, na leo nani amepata kitu kutoka mikononi mwangu? Andika tarehe na kilichotolewa, bila jina la aliyepokea, kwa kuwa daftari huanguka mikononi mwa watu. Siku isiyo na la kuandika iache wazi, usiijaze kesho yake. Kisha sali sala ya kutubu, uzime taa.