Namna ya Kupanga Matibabu ya Akili Pamoja na Daktari

Unapomsindikiza jamaa yako Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyopo mjini Unguja, jizuie kwanza usimjibie. Daktari akimuuliza analala vipi, nyamaza hata kimya kikirefuka, kwa sababu daktari anayetaka kushirikiana na mgonjwa anahitaji kumsikia mwenyewe akieleza anachokiona, anachokiogopa na anachotamani kimrudie maishani, ikiwa ni usingizi, kazi yake, au kuswali jamaa bila ya kuhisi kwamba watu wanamsema. Zamu yako itafika, nayo ni muhimu, kwani wewe ndiye unayejua ameanza lini kukesha na lini ameacha kula.

Wiki 2 kabla ya miadi, andikeni pamoja katika daftari la skuli saa alizolala, dawa alizokunywa na alizoziacha, na mabadiliko ya mwili. Mstari mmoja tu, "Jumanne alimwaga chai kwa kutetemeka mkono, wala hakuweza kukaa kitako", utamfaa daktari kuliko maelezo marefu. Haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili kama ya kusikia sauti zisizokuwepo, huweza kuleta kutetemeka, kukakamaa na kukosa utulivu, na mara nyingi watu wa nyumbani hudhani maradhi yamezidi, wakaomba dawa iongezwe ilhali pengine ilitakiwa ipunguzwe.

Elezeni pia kazi ya mgonjwa. Mwanamke anayelima mwani hushinda juani maji yanapotoka, na klorpromazini, dawa nyengine ya aina hiyo, huifanya ngozi iungue upesi kwa jua na humtia mtu usingizi. Daktari akilijua hilo, anaweza kuchagua dawa nyengine au kubadilisha saa ya kuinywa. Kwa dawa za sonona, ulizeni zitaanza lini kufanya kazi, maana nyingi huchukua wiki 2 hadi 4, na wengi huziacha kabla ya hapo.

Kombe (maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa), mafusho na dua msivifiche kwa kuona haya. Daktari anahitaji kujua kama mgonjwa amepewa mizizi ya kunywa, au ameambiwa aache vidonge, kwa kuwa kuviacha ghafla kunaweza kuyarudisha maradhi kwa nguvu.

Suala la Ramadhani lizungumzwe mapema, tangu Shaabani. Baadhi ya dawa zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari na daku, lakini anayetumia lithiamu, dawa ya kuzuia hisia zisipande na kushuka kupita kiasi, asijiamulie mwenyewe hata kidogo, kwani mwili ukipungukiwa na maji dawa hiyo hupanda katika damu hadi kuwa sumu, na huenda daktari akataka damu ipimwe au akamshauri asifunge.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa ayarejee kwa maneno yake yale mliyokubaliana. Kisha, akiwa ametulia, muulizeni ni dalili gani huanza anapotaka kuzidiwa, na siku hiyo angependa aitwe nani. Jina hilo aliandike mwenyewe, kwa mkono wake, katika ukurasa wa kwanza wa daftari.