Mke hana mshahara, lakini IRA yake (akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni) inapunguza kodi ya mapato ya familia nzima

Kaka yangu ameajiriwa hapa Marekani, wifi yangu analea watoto nyumbani. Juzi nimewasaidia kuandaa ritani yao (taarifa ya kodi ya mapato) ya 2025. Naandika kwa ajili ya wanandoa wengine wenye hali kama yao.

Hatua ya 1. Fungueni IRA ya kawaida kwa jina la mke peke yake. IRA ya watu wawili haipo. Roth, aina nyingine ya IRA, ni nzuri, ila haipunguzi kodi ya mwaka huu.

Hatua ya 2. Wekeni pesa. Kwa 2025 kikomo ni dola 7,000 kwa kila mtu, au 8,000 kwa aliyetimiza miaka 50. Mshahara wa mume unabeba akaunti zote mbili, yake na ya mke, mradi usipungue jumla mliyoweka. Mwisho ni 15 Aprili 2026, hata kama mmeomba muda zaidi wa kupeleka ritani. Anayeweka kuanzia Januari aseme wazi kwamba pesa ni za 2025.

Hatua ya 3. Swali la pensheni ya kazini. Hili lilitukesha. Kwenye W-2 ya kaka (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri), kisanduku cha 13 kina alama, kwa sababu ana 401(k), yaani mpango wa pensheni wa kazini. Programu ya kuandaa ritani ilipouliza, tukajibu "ndiyo" kwa wote wawili, tukidhani ritani moja ina jibu moja. Punguzo la wifi, yaani kiasi cha IRA kinachotolewa kwenye kipato kabla ya kukokotoa kodi, likawa sifuri. Tulifuta na kuingiza upya mara tatu kabla ya kugundua kwamba kila mtu hujibiwa kivyake, na kila jibu lina kiwango chake:

Mwenye mpango kazini, punguzo lake huanza kushuka kipato cha wote wawili kikivuka 126,000, na hukoma kikifika 146,000. Asiye na mpango, lakini mwenzake anao, ni 236,000 hadi 246,000.

Kipato chao ni 151,000. Kaka hapati kitu. Wifi anapata 7,000 zote. Kwa ngazi yao ya asilimia 22, hizo ni dola 1,540 zinazobaki nyumbani.

Kipato hicho ni kile kilichorekebishwa, kabla ya kutoa IRA. Alichokatwa kaka kwenda 401(k) ya kawaida hakimo tena, msikitoe mara ya pili. Anayeangukia katikati, tuseme 131,000, apige hivi: 146,000 kutoa 131,000, gawanya kwa 20,000, zidisha kwa 7,000. Jibu ni 5,250. Na tafadhali msitenganishe ritani huku mnaishi pamoja: hapo punguzo hukoma kipato cha mhusika kikifika dola 10,000 tu.

Mimi sasa sigusi programu kabla ya kupiga hesabu kwa kalamu, kwenye karatasi za Publication 590-A, mwongozo wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kuhusu IRA.

Hatua ya 4. Hakikisheni kiasi kimetokea kwenye Schedule 1 (kiambatisho cha ritani), mstari wa 20.

Hatua ya 5. Tunzeni risiti ya benki. Fomu 5498, inayothibitisha mlichoweka, huja Mei, ritani ikiwa imeshakwenda, kwa hiyo msiisubiri. Mume akiweka pesa zisizo na punguzo kwenye IRA yake ya kawaida, ajaze Fomu 8606, la sivyo atazitozwa kodi tena uzeeni.