Kukwangua chaza na kuchagua rangi ya chini ya boti, kwa tulioko Dar

Kama boti yako ilikuwa inatoka Kunduchi mpaka Mbudya vizuri tu na siku hizi injini ileile inalia, mwendo hamna na petroli inaisha haraka, basi kabla hujamuita fundi injini zama kwanza uangalie chini. Mara nyingi utakuta vile vikombe vyeupe vigumu vyenye mdomo mkali, wengi tunaviita chaza tu japo chaza wa kula ni kitu kingine kabisa. Huyu mdudu akiwa mchanga anaogelea, akipata sehemu ngumu anajigundisha kichwa chini, anajijengea nyumba ya chokaa na hatoki tena hapo maisha yake yote, anatoa tu vimiguu kama nyoya kuchota chakula. Maji yetu ni ya joto mwaka mzima kwa hiyo hana msimu wa kupumzika, na wewe usisubiri.

Cha kwanza ni kuitoa boti majini, na hapa bahari yenyewe inakusaidia. Bamvua yetu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri, yanakupwa saa nne asubuhi, yanajaa tena saa kumi jioni. Sasa wewe ipandishe boti siku bamvua imefika kileleni, siku moja mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ielee mpaka juu kabisa ya ufukwe uifunge hapo. Siku zinazofuata maji yanazidi kupungua kuelekea maji mafu, siku mbili za mwanzo yanaweza kulamba mkuku tu, ule uti wa chini wa boti, baada ya hapo una kama wiki nzima kavu bila kulipia winchi, halafu bamvua inayofuata inakuja kukuchukua. Ila angalia sana mwezi wa tatu na wa tisa, bamvua za hapo ndo kubwa kuliko zote, ukipandisha kwenye ile kubwa zaidi, bamvua inayofuata inaweza isikufikie na boti ikabaki nchi kavu usivyopanga. Na kama ni ya mbao usiiache juani wiki nzima mbao zikakauka zikaachia, ifunike makuti na umwagie maji ya bahari ndani asubuhi na jioni.

Kukwangua anza SAA HIYOHIYO maji yanapotoka. Hili nalisisitiza kwa sababu chaza mbichi anabanduka kwa mkono mmoja, akishapigwa jua siku mbili anakuwa kama saruji na utatumia nguvu mara tatu. Kwa faiba tumia kikwangulio cha plastiki ngumu au cha mbao, cha chuma kitachimba jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, na maji yataingia ndani ya faiba. Kilaze karibu sambamba na boti, sukuma kutokea ubavuni kwake, usimgonge kwa juu maana akipasuka anaacha nusu. Vaa glavu nene na viatu, michubuko ya chaza inatunga usaha vibaya sana. Na usiingie chini ya boti iliyosimama kwenye gogo moja, weka nguzo pande zote mbili kwanza.

Ukimaliza utaona viduara vyeupe, saizi ya kifungo cha shati, hiyo ni ile sakafu yake na gundi. Wengi wanapaka juu ya hivyo viduara na rangi inabanduka hapohapo. Ni chokaa, kwa hiyo siki inaila, loweka kitambaa kwenye siki ukibandike, utaona povu, subiri kidogo ukwangue tena, kisha suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Kilichobaki piga msasa namba 80, lakini msasa wa maji, usipige mkavu, vumbi la rangi ya zamani lina sumu na litaingia kifuani kwako na kwa watoto wanaocheza pale ufukweni. Tandika turubai chini, uchafu wote ukusanye.

Sasa rangi. Watu wanauliza rangi gani nzuri, mi nasema niambie kwanza boti yako inaishije. Ziko aina mbili kubwa, kwa kawaida zina shaba ndani, shaba ndo inayomfukuza mdudu. Ile laini, inayojimomonyoa yenyewe kidogo kidogo, inafaa boti inayokaa majini muda wote, imefungwa Msasani au Kigamboni, kila siku inatoa uso mpya na rangi ya miaka iliyopita haijirundiki tabaka juu ya tabaka. Ile ngumu inafaa boti inayokimbia sana au inayoburuzwa mchangani kila siku, maana ile laini mchanga utaifuta ndani ya wiki. Laini unaweza kuipaka juu ya ngumu ukishaisugua, lakini ngumu juu ya laini usithubutu, itabanduka vipande vipande.

Boti ya aluminiamu usipake rangi ya shaba, chumvi ikiingia kati aluminiamu inaliwa, hata mguu wa injini ya nje ni hivyohivyo, acha nafasi vidole viwili kuuzunguka. Zile rangi za zamani zenye TBT, sumu ya kemikali yenye bati, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa 2001 ulioanza kazi 2008, ziliharibu mpaka konokono wa baharini na chaza wa kula, kwa hiyo kopo kuukuu lisilo na lebo liache dukani. Mimi niliwahi kuuziwa mjini rangi ya mafuta ya kawaida ya mageti nikaambiwa inafaa baharini, miezi miwili tu boti ilikuwa nyeupe chini, kazi yote upya. Siku hizi sinunui kopo bila kusoma kama limeandikwa shaba.

Kujua kiasi, zidisha urefu wa boti majini kwa jumla ya upana na kina chake. Boti ya mita 7 yenye upana 2 na kina nusu mita ni kama mita za mraba 17 na nusu, na lita moja inapaka mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 3 na nusu hadi 4 na nusu. Koroga sana, shaba ni nzito inalala chini ya kopo, usipoikoroga unapaka maji ya rangi tu. Mkono wa kwanza paka rangi tofauti na wa pili, mfano nyekundu halafu bluu, siku ukiona nyekundu inatokeza ujue muda umefika. Mkono wa tatu weka kwenye mstari wa maji, mkuku na usukani. Zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ili viliwe na chumvi badala ya chuma cha boti, usizipake kabisa, zitaacha kufanya kazi.

Kesho yake hamisha nguzo, paka na pale zilipokuwa zimeegemea. Ukisahau hayo mabaka ya nguzo, chaza wataanzia hapohapo.