Kabla hujatuma makala jaridani, kaa na marejeo yako kwanza

Soma maelekezo kwa waandishi. Usisome ya jarida ulilotuma mwaka jana, soma ya hili unalotuma sasa. Kama bando linakusumbua, yachapishe pale steshenari uyabandike ukutani. Majarida mawili ya mchapishaji mmoja yanaweza kutaka mitindo miwili tofauti, na mhariri hana muda wa kukubembeleza.

Jua mtindo wako kwa jina. Watu wa afya wengi watakutana na Vancouver: namba ndani ya maandishi, kwa mpangilio wa kutokea, na orodha mwishoni inayofuata namba hizo. (Vancouver ni mji wa Kanada walikokutana wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978. Si profesa, kama alivyodhani mdogo wangu mmoja wa Tengeru.) Watu wa elimu na sayansi za jamii hukutana zaidi na APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani: jina na mwaka. Kwa APA toleo la 7, kazi ya waandishi watatu au zaidi unaiandikia jina la kwanza na "et al." (yaani na wenzake) tangu mara ya kwanza, lakini kwenye orodha ya mwisho unawataja hadi watu 20. Majarida mengi ya Vancouver huishia sita. Usichanganye.

Majina ya majarida nayo yana vifupisho rasmi. Tanzania Journal of Health Research ni Tanzan J Health Res, usijitungie chako.

Kagua majina ya watu, na hapa sisi wa Arusha na Moshi tuna mtihani wetu. Ukiandika "Mushi, 2015", ni Mushi yupi? Akina Mushi, Massawe, Lyimo, Swai na Kimaro wamesoma, na wameandika. Kwenye APA, waandishi wa kwanza wa kazi mbili tofauti wakiwa na ukoo mmoja, unaweka na herufi za majina yao ya mwanzo ndani ya maandishi. Mtu mmoja akiwa na kazi mbili za mwaka mmoja, unaweka a na b. Na jina lenye Ole, angalia Ole isiwe imegeuzwa herufi moja yenye nukta.

Mashirika ndiyo hutia aibu zaidi. Ukiingiza World Health Organization kwenye programu ya kupanga marejeo, kama Zotero, kama jina la mtu, orodha ya Vancouver itakuandikia "Organization WH", kana kwamba kuna bwana mmoja wa ukoo wa Organization. Zotero ina mahali pa kubonyeza ili jina likae kwenye kisanduku kimoja badala ya viwili. Bonyeza.

Takwimu za sensa, taja Ofisi ya Taifa ya Takwimu, siyo gazeti lililoripoti sensa. Kazi uliyoikuta imetajwa ndani ya kazi nyingine, itafute uisome mwenyewe. Namba za DOI, zile za utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, bonyeza moja moja uone zinafungua nini, hasa kama kuna mwenzenu aliyeomba akili mnemba imtafutie vyanzo. Inatunga makala ambayo haijawahi kuandikwa, na inaipa kichwa kizuri, jarida la kweli na kurasa.

Sasa lile lililoniunguza mimi.

Tulikuwa waandishi watano, makala yetu inahusu madini ya floraidi kwenye maji ya visima vya Arumeru. Vyanzo 62, vyote nimeviweka Zotero kwa mikono yangu. Mhariri alitaka marekebisho, siku zimebaki mbili. Mzee wetu akanipigia: "Mwanangu, nitumie hiyo kazi niongeze aya moja tu kwenye utangulizi." Nikasema sawa Prof, nikatuma. Yeye akaipandisha Google Docs, akaongeza aya yake yenye vyanzo vitatu vipya, akairudisha saa tatu usiku.

Nikafungua. Namba zote zipo. Nikabonyeza juu ya moja. Kwa kawaida ukibonyeza hapo panakuja kivuli cha kijivu, ndipo unajua nyuma ya namba kuna programu imeshikilia. Hapakuja kitu. Nikajaribu ya pili, ya tano, ya arobaini. Zote zilikuwa maandishi makavu, zimekufa. Ukihamisha faili la Word kwenda Google Docs bila kupitia njia ya kuhamisha iliyomo ndani ya Zotero yenyewe, zile kodi za nyuma, yaani alama zilizofichwa zinazounganisha namba na programu, hudondoka zinabaki tarakimu. Njia hiyo nilikuja kuijua baadaye.

Dawa ingekuwa ya dakika kumi: kuchukua aya ya mzee na kuiweka kwenye nakala yangu ya asubuhi. Lakini nilikuwa nimehifadhi faili lake juu ya langu, kwa jina lilelile.

Nikaamua kurekebisha kwa mkono. Aya yake ilikaa mapema, kwa hiyo kuanzia chanzo cha 9 kila namba ilitakiwa kupanda kwa tatu. Nikajiona mjanja. Nikafikiri, nikianza na 9 kuwa 12, nitakapofika kwenye 12 nitazisogeza tena zilezile. Basi nianzie nyuma: 62 iwe 65, 61 iwe 64, nishuke hivyo. Mabano sikuweza kuyatumia kutafutia kwa sababu sehemu nyingine vyanzo vitatu vilikaa kwenye mabano mamoja. Nikatafuta namba tupu, neno kamili, badilisha zote. Mara hamsini na nne. Saa nane usiku nimemaliza, nikakagua rejea za ndani, zote sawasawa. Asubuhi nikatuma.

Rejea zilikuwa sawa kweli. Kilichoharibika ni vingine vyote. Visima 12 tulivyopima vilikuwa 15. Asilimia 38 ilikuwa 41. Na kwenye orodha ya mwisho juzuu ya 12 ilikuwa ya 15, na kurasa zimesogea tatu tatu, chanzo baada ya chanzo. Majedwali yalikuwa kwenye faili la pembeni, hayo yalibaki na ukweli wake. Mpitiaji wa pili aliandika swali moja: visima vitatu vimetoka wapi kati ya mswada wa kwanza na wa pili?

Jibu letu lilikuwa la kweli, lakini hebu jaribu kumwandikia mtu asiyekujua kwamba takwimu zako zimebadilishwa na kitufe. Makala ilikataliwa. Mwenzetu mmoja alikuwa akiisubiri ili atetee tasnifu yake, akasogezwa msimu mzima. Hakunigombeza. Ila mpaka leo tukikutana sokoni Kilombero huniuliza, "Dada, visima vimefika vingapi?"

Kwa hiyo: faili moja, mtu mmoja wa kugusa marejeo. Wengine waandike nyongeza zao pembeni wakutumie, hata akiwa Prof, mwambie kwa heshima. Kila siku hifadhi nakala mpya yenye tarehe kwenye jina, na usiite kitu chochote "mwisho". Kodi za programu usiziondoe mpaka siku ya kutuma, na hapo uziondoe kwenye nakala, siyo kwenye faili lenyewe. Kisha linganisha mswada na majedwali, namba kwa namba, kwenye karatasi, mchana. Fleshi ya steshenari usiiamini. Chaji kompyuta kabla umeme haujakatika. Ukurasa wa jarida wa kupokea makala mara nyingi huwa na kiungo cha kupakua faili kabla ya kuthibitisha. Lipakue ulione kama watakavyoliona wao, uanze na namba ya visima.