Somo: Kumtambua gayogayo Bothus pantherinus bila kudanganywa na rangi

Gayogayo ni jina la wengi; pwani hupewa karibu kila samaki bapa. Hapa tunamtafuta mmoja tu, wa kwenye mchanga karibu na miamba. Andaa sindano, rula na taa ya simu.

Hatua ya 1. Mlaze upande wa macho ukiwa juu, tumbo likuelekee. Kichwa kikiwa kushoto kwako, macho yake ni ya kushoto, kama ya Bothus. Wengi hukosea tumbo, maana ni dogo na limesogea hadi kooni: tafuta mapezi mawili madogo na tundu la haja. Kichwa kikiwa kulia, na shina la pezi ukilibinya linatoa maziwa, huyo ni Pardachirus marmoratus. Maziwa hayo ni sumu inayofukuza hata papa.

Hatua ya 2. Pezi la mgongo la Bothus huanzia mbele ya macho. Likianzia nyuma yake ni Psettodes erumei, ambaye macho huweza kuwa upande wowote. Mkia ukiungana na mapezi bila mwanya, si Bothus; huenda ni Cynoglossus.

Hatua ya 3. Mgeuze. Pseudorhombus arsius ana mstari wa ubavu (ule unaotoka kichwani hadi mkiani) ulio wazi pande zote mbili. Bothus, upande wa macho tu.

Hatua ya 4, yenye uzito kuliko zote: hesabu vijiti vya pezi la mkundu. Litanue, limulike kwa chini, chomeka sindano kila ufikapo kumi. B. pantherinus ana 61–73, ndugu yake B. mancus 74–81. Pezi la mgongo halifai, hesabu zao hugongana kwenye 96 na 97. Pezi lililochanika usilikisie.

Hatua ya 5. Tafuta doa jeusi kubwa katikati ya sehemu iliyonyooka ya mstari wa ubavu. Bila doa, 61–73 pekee haitoshi, kwani Bothus wengine nao wamo humo.

Maswali

*Pezi la kifua ni refu kama uzi. Ni aina nyingine?*
Hapana, ni dume. Dume la B. mancus nalo liko hivyo.

*Wa kwenye barafu hana doa.*
Rangi hufifia, na hata akiwa hai huibadili kufuata mchanga. Hesabu vijiti, kisha tazama macho: kwa B. mancus mkubwa, jicho la juu liko nyuma kabisa ya la chini. Hayo humwondoa B. mancus tu; bila doa, jina bado halijathibitika (Hatua ya 5).

*Kila kitu ni Bothus, ila pichani kichwa kiko kulia!*
Kamera ya mbele ya simu huweza kugeuza picha. Piga tena ukiweka rula kando; namba zikisomeka kinyume, kosa ni la picha.